Kaindi na Sauti Yake ya Simu

Kaindi alikuwa na sauti mbili, na sisi tuliokaa naye Ukunda tulizijua zote. Ya kwanza alizaliwa nayo huko Shimba Hills, kwenye shamba ambalo wazazi wake walipewa walipohama Ukambani. Kwa sauti hiyo chai ilikuwa kyai, na sisi Wapwani, Mungu atusamehe, tulikuwa tukimkaribisha chai makusudi ili tumsikie akiitaja. Ya pili aliijenga mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyompa riziki katika hoteli moja ya Diani, ndani ya kijichumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi, akipokea simu za wageni.

Kabla ya simu alikuwa dobi. Kama hujui udobi wa hoteli, muulize mtu aliyeshinda akikunja mashuka ya moto mpaka viganja vikamtoka malengelenge. Kaindi aliponyoka huko kwa ulimi wake tu. Alikuwa akipiga pasi huku redio imewashwa, akiwaiga watangazaji wa habari za Kiingereza neno kwa neno, wenzake wakimwita Malkia na kumpigia magoti. Siku moja msimamizi alipita nje ya dirisha akadhani mgeni amepotea njia akaingia kwa madobi. Haukupita muda mrefu Kaindi akapelekwa kwenye kiti cha simu. Kiti chenyewe kilikuwa kimechanika, sponji inachungulia, lakini alikipenda kiti kile, na aliogopa kukipoteza kuliko alivyoogopa maradhi.

Wala hofu hiyo haikuwa ya bure. Wenye hoteli, ambao wako ng'ambo na hapa huja kuota jua tu, walikuwa wametoa amri mpya: simu zote zirekodiwe, na mfanyakazi yeyote ambaye mgeni atalalamikia matamshi yake, arudi alikotoka. Wa kwanza kuondoka alikuwa Mwero, Mduruma mpole aliyekuwa akishika zamu ya pili. Mgeni mmoja alisema Mwero anaongea kama mtu mwenye kokwa mdomoni. Siku ya pili Mwero alikuwa jikoni, mikono imezama kwenye povu. Kaindi akipita pale alimwamkia haraka na kuangalia kando.

Ulimi hauna mfupa, husema wazee. Ulimi wa Kaindi ulipewa wake shuleni. Ulikuwa mfupa wa ng'ombe hasa, umetobolewa na kutiwa kamba, na watoto waliuita monto. Ukinaswa unasema Kikamba au Kidigo, hata Kiswahili siku zisizo zake, unavishwa monto shingoni. Basi unauzunguka uwanja nao ukitafuta wa kumpokeza, kwa sababu atakayekutwa nao kengele ya jioni ikilia ndiye atakayechapwa. Humo Kaindi alijifunza mawili: kuzificha lugha zake, na kutega sikio amsikie mwenzake akiteleza. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Mtoto mwenye monto hana rafiki, na Kaindi aliwahi kumpokeza dada yake wa tumbo moja.

Sauti ya simu ilimkaa hata akawa hawezi kuivua. Kuna siku mama yake alimpigia kutoka sokoni Kombani, Kaindi akapokea kama alivyozoea kazini, maneno yamenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Mama akakata. Walipokutana alimwambia, "Simu ilishikwa na Mzungu, mwanangu, nikaogopa." Nyumba nzima ilicheka siku hiyo. Kaindi alicheka pia, ila wa kwanza kunyamaza alikuwa yeye.

Sasa nikwambie jinsi hoteli zetu zinavyosikia. Alikuwapo mzee mmoja wa Kizungu kutoka Uskoti, mgeni wa kila mwaka, ambaye Kiingereza chake hakuna kiumbe aliyekielewa. Mzee huyo akipiga simu kuomba taulo, Kaindi alimwambia, "Samahani bwana, rudia tafadhali," mara tatu, mara nne, sauti imejaa sukari, na ikishindikana akamtuma mtu mbio akamuulize uso kwa uso. Kwa mzee huyo tulisema Kiingereza chake ni kizito. Lakini vijana wa ufuoni, wale wenye rasta na miwani, waliookota Kiingereza chao kwa watalii na kwenye nyimbo za rege, wanaokata maneno mikia na kuyavuta shingo, hao tulisema Kiingereza chao ni kibovu. Haikutupitia akilini kwamba ni ugonjwa mmoja tulioupa majina mawili.

Kati ya vijana hao kuna mmoja, Randu, ambaye alimtia Kaindi matatani. Randu huwa anapata bibi wa Kizungu kila msimu, na bibi akishuka kuogelea, yeye hubaki chumbani na simu. Leteni bia. Leteni kuku. Niitieni gari. Kaindi alimpelekea bia mara moja, na alikaripiwa vikali ofisini kwa kumhudumia asiye mgeni. Tangu hapo aliijua sauti ya namna hiyo, na akajua dawa yake ni kuikata.

Ikawa Jumatano moja, baada ya chakula cha mchana, simu ikalia. Kwenye kioo lilitokea jina la mwenye chumba: Bi Barrett, Uingereza. Kaindi hakuwahi kumwona, kwa sababu kiti chake hakioni mtu, kinasikia tu, lakini jina lilishamchorea bibi wa Kizungu mwenye kofia pana. Akapokea kwa sauti yake bora. Aliyejibu alikuwa mwanamume, na Kaindi alijua mara moja kwamba ni mtu mweusi. Usiniulize alijuaje. Sote tunajua, na sote tunajitia hatujui.

"Dada, mamangu hapumui vizuri," yule mtu alisema kwa Kiingereza. Maneno yalikatwa mikia, yalivutwa shingo, Randu mtupu. "Nitumie daktari. Haraka, dada."

Kaindi alielewa kila neno. Alielewa pia, au alidhani ameelewa, mambo yalivyo: bibi yuko ufuoni, kijana amebaki na simu, na huko Ukunda au Kombani ana mama mgonjwa ambaye anataka atibiwe na daktari wa wageni.

"Huduma ya daktari ni ya wageni wa hoteli, bwana," akasema. "Tafadhali mpe simu mwenye chumba."

"Unasemaje? Ni mamangu, nakwambia. Anakosa pumzi."

"Mama yako mpeleke hospitali ya Msambweni. Bodaboda ziko getini."

Akakata. Akampigia bawabu, Ziro, akamwambia kuna kijana wa ufuoni ndani ya chumba cha Bi Barrett, akamtoe. Simu ya chumba kile ililia tena. Kaindi aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza yenyewe.

Ziro alikutana nao kwenye ngazi. Mwanamume wa makamo, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu, amembeba mikononi bibi mzee mweusi ambaye midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Ziro wa watu hakuuliza swali. Alishika miguu, wakamshusha pamoja, wakamtia kwenye teksi ya kwanza waliyoiona. Walimwahisha hospitali, lakini kwa kuchungulia kaburi, na daktari aliwaambia wazi kwamba wangekawia kidogo tu wangemleta maiti.

Kisha Ziro akampigia Kaindi. "Dada Kaindi," alisema, na sauti yake haikuwa na lawama, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Yule si kijana wa ufuoni. Ni mgeni. Mwenye chumba ni yule bibi, na yule bibi ni mama yake." Kaindi aliogopa kwa ajili ya bibi, na pumzi iliyofuata akaogopa kwa ajili ya kiti, na hakuweza kujidanganya ipi ilikuwa hofu kubwa.

Wageni hao walikuwa watu wa Jamaika waliokaa Uingereza miaka mingi. Mwana aliitwa Clifton, dereva wa basi. Mama alikuwa amemwomba jambo moja tu, aikanyage Afrika kabla hajafa, na Clifton akamleta Diani.

Kesho yake Kaindi aliitwa ofisini. Alikuwapo meneja mkuu, Mzungu aliyekaa pwani mpaka shingo ikawa nyekundu kama nyanya, na Sanga, msimamizi wa mapokezi, mtu wa Ramisi ambaye alimjua Kaindi tangu enzi za pasi. Wakaiweka rekodi. Kaindi hakuwahi kujisikia mwenyewe. Sauti yake ilitoka safi, imenyooka, baridi kama maji ya friji, haina Shimba Hills hata chembe. Chini yake kulikuwa na mtu anayelia, na hilo siku ile hakulisikia.

Meneja akatikisa kichwa. "Wewe umeongea vizuri sana," akamwambia. "Huyu ndiye haeleweki. Hata mimi nimeambulia patupu. Hicho ni Kiingereza gani?"

Sanga akamgeukia. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayekufungulia mlango na kusimama kando upite. "Dada Kaindi, hukumwelewa yule mgeni. Sivyo?"

Kaindi aliona mashuka ya moto. Aliona mikono ya Mwero ndani ya povu. "Sikumwelewa, Bwana Sanga," akasema.

Basi, yakaisha. Clifton aliombwa radhi na kuelezwa kwamba ilikuwa shida ya lugha tu. Meneja akasema sehemu ya Kaindi katika ile rekodi inafaa kuwekewa wafanyakazi wapya, wajifunze jinsi ya kujibu simu. Kaindi alirudi kwenye kiti chake kilichochanika, na siku zile zote hakumjibu mtu zaidi ya alichoulizwa. Alijisikia kama jioni ile alipompokeza dada yake monto, shingo yake nyepesi, mfupa uko kwa mwingine.

Siku ya wageni kuondoka, Sanga aliingia kijichumbani. "Yule bibi anakutaka," akasema. "Mwambie pole, urudi. Usiongeze neno."

Bi Barrett alikuwa amekaa kwenye kochi la mapokezi, mdogo wa mwili, gauni la maua, fimbo katikati ya magoti. Clifton alisimama kando ya mizigo na hakumtazama Kaindi. Bibi akamshika Kaindi mkono. Aliongea polepole, neno zima zima, kama mtu anayemlisha mtoto kwa kijiko.

"Binti, nimeambiwa hukumwelewa mwanangu. Sikulaumu. Mimi nilifika Uingereza nikiwa mtoto, mwalimu akasema haelewi ninachosema. Akanitia darasa la watoto wasio na akili, na humo nikakaa mpaka nikamaliza shule. Ndiyo maana huyu nilimwambia tangu mdogo, nyumbani sema upendavyo, lakini ukishika simu sema sawasawa. Siku ile alisahau. Alikuwa na hofu. Tusamehe."

"Mama," Clifton alisema, akaishia hapo. Mtu mzima mwenye mvi, anaonywa mbele za watu kama kitoto, tena kwa kosa la kumlilia mzazi wake. Akainamisha kichwa. Kaindi aliutazama ukosi wa shati lake na akauona mfupa wa ng'ombe unaning'inia pale, na akajua ni mkono wake mwenyewe uliomvisha.

Nyuma ya meza Sanga alikuwa amejiwekea kidole mdomoni, kumwashiria anyamaze. Kaindi akafungua kinywa, na iliyotoka si sauti ya simu. Kilikuwa Kiingereza, ndiyo, lakini cha Shimba Hills, kile alichokizika miaka yote ile chini ya redio.

"Nilimwelewa, mama. Nilielewa kila neno."

Sanga akafumba macho. Clifton akainua uso.

"Ulimwelewa?" bibi akauliza.

"Nilimwelewa."

"Basi kwa nini?"

Kaindi angeweza kumtaja Randu na bia zake. Angeweza kuitaja amri ya hoteli, na isingekuwa uongo. "Nilidhani ni mtu wa hapa kwetu," akasema.

Bi Barrett hakukasirika. Alimtazama tu, amechoka, kama aliyepanda kilima akaona kingine mbele. Akauachia mkono wa Kaindi. Akasema kwa lugha yake mwenyewe, ile ya Jamaika, bila kumkatia vipande, na Kaindi akaielewa vilevile.

"Na mtu wa hapa kwenu, yeye hana mama?"

Kaindi alitafuta jibu kwa sauti yake moja, akalitafuta na kwa ile nyingine.