Kibati Kilichoziba

Fundi simu ninayegawana naye kibaraza hapa Kariakoo hashiki kazi kibati kikiwa kichafu, na ukimharakisha anakurudishia simu yako. Ni kile kibati chembamba chenye matundu madogo, anachokilaza juu ya chipu na kukipaka kwa kisu risasi laini ya kulehemu ili kila tundu liache tone lake. Akimaliza anakinyunyizia spiriti, anawasha kimashine chake cha kusafishia kinachoenea kiganjani, na kukipitisha taratibu juu ya matundu. Kinavuma kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa, na uchafu uliogandamana unatetemeka mpaka unaachia. Kisha anakiinua kibati kwenye mwanga, anafumba jicho moja, anapuliza.

Kimoja tu hakisafishi. Kimelala pembeni ya meza, risasi imekaukia juu yake, matundu yote yameziba. Jana Vicky, jirani yetu muuza makava ya simu, alikiokota.

"Fundi, hiki umekisahau. Lete mashine nikusafishie."

"Hicho acha, mwanangu."

"Si kimeziba?"

"Mama Hajira alikuwa hataki kabisa kutumia kisu. Anapaka kwa dole gumba, nami namgombeza kila siku."

Vicky akakiinamisha kwenye mwanga. Katikati ya risasi ile kavu tukaiona alama ya dole la mkewe, tuliyemzika kabla ya Ramadhani, na mistari yake yote.

Vicky akakirudisha mezani kwa mikono miwili. Fundi akabaki ameketi, kimashine kinavuma mkononi mwake, hakigusi kitu.