Kiti cha Velma

Velma na jirani yake Nadine hawakuwa wake wenza, ila ungewaona kanisani ungeapa ndivyo walivyo. Kila tulipokula pamoja baada ya ibada, bakuli la Nadine la wali na kuku lilikombwa kwanza. La Velma lilirudi nyumbani nusu. Chini ya bakuli huwa tunabandika utepe wenye jina la mwenyewe, lisipotee. Mimi nilimwona Velma, kwa macho yangu haya, akiubandua utepe wa Nadine ili watu wasijue wamsifu nani. Miaka ishirini wivu ulimkaa kooni.

Kisha Nadine akachimba handaki la kujikinga na vimbunga, nyuma ya nyumba yake. Mtaa wetu wote, nje kidogo ya Nashville, haukuwa na lingine.

"Bi Velma, king'ora cha kimbunga kikilia wewe njoo tu, usingoje kualikwa."

"Nije shimoni kwako unisimange? Bafu langu linanitosha!"

Usiku mmoja wa Machi king'ora kikalia. Velma, mjane wa watu, akajilaza kwenye hodhi la kuogea na kujifunika godoro. Simu ikaita mara tatu. Aliona ni Nadine, akaiacha iite. Kimbunga kikatoka mjini, kikapita kwetu, kikaizoa nyumba ya Nadine yote. Ya Velma ilipoteza vigae vichache.

Kulipokucha watu walimiminika kwa Nadine, kila mmoja na bakuli lake.

"Hata upepo umemchagua yeye," Velma akaniambia, na hakuwa anatania. Nilitamani kumzaba kofi.

"Twende ukampe pole. Kavunjika mkono."

"Kavunjikaje, na handaki lake lote la kujidai?"

"Alisimama ngazini mwa handaki kaushikilia mlango wazi. Upepo ukambamiza nao."

"Alikuwa anamngoja nani?"

Nilimburuta hadi handakini, nikamteremsha. Mlikuwa na viti viwili vya kukunja. Kimoja kilikuwa na blanketi la Nadine. Kingine hakikuwahi kukaliwa, na mgongoni kilibandikwa utepe uliokwisha kuchakaa, umeandikwa VELMA.

Velma aliuinamia. Pembe moja ilikuwa imeanza kubanduka. Akaibandika tena kwa kidole gumba, akaketi, akalia.