Leo Tunakula kwa Limi

Nilikuwa nafagia asubuhi, mjukuu wangu ameshakwenda chekechea. Nikainua mkeka tunaokalia wakati wa kula, ile pembe ya dirishani inayopigwa jua kutwa nzima, nikakuta majani. Matembele, mchicha, majani ya maboga, yamepangwa mojamoja kama nguo kabatini, yamekauka yamekuwa meusi. Kumbe zile siku zote nilizosema, "Asante Mungu, leo sahani imekwisha," mboga ilikuwa inaishia chini ya mkeka.

Nilitaka kukasirika, mwenzangu. Nikaokota jani moja, nikalinusa, na hasira zikaishia hapohapo. Lilinukia nsansa.

Kama hukulelewa Usukumani, nsansa ni mboga ya majani iliyochemshwa kidogo, ikakamuliwa, ikaanikwa juani mpaka ikakauka kabisa, ikawekwa kwa ajili ya kiangazi. Miaka sijui mingapi sijainusa. Nikakaa chini na ufagio mkononi, nikawa si mtu wa Igogo, hapa mjini, tena. Nikawa niko kijijini Magu, juu ya jiwe la bibi yangu.

Ngoja kwanza nikueleze huyu mtoto, maana bila yeye nisingeandika hata mstari, na shule yangu iliishia darasa la tatu. Anaitwa Limi, ana miaka mitano. Mama yake ni binti yangu wa mwisho, anafanya kazi kiwanda cha samaki, anaondoka alfajiri anarudi miguu imevimba. Kwa hiyo kupika ni mimi, kulisha ni mimi. Na Limi hali kitu cha kijani. Anataka wali mtupu, anataka tambi, anataka chipsi. Muuguzi wa kliniki alimvuta kope ya chini, akaangalia, akampima, akaniambia, "Bibi, huyu damu yake ni ndogo. Mpe dawa hizi, na mboga za majani ale kila siku. Mrudishe baada ya miezi miwili. Akishuka zaidi ya hapa tutamlaza." Akaniangalia kama mimi ndiye ninayemla mtoto.

Nilihangaika. Nilikatakata matembele kama tumbaku, nikayachanganya na mayai. Alikaa akayachambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Nikaponda majani ya maboga ndani ya viazi, akasema, "Bibi, viazi vimeoza." Mama yake akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Basi nikiwa nimekaa pale na jani mkononi, nikajiuliza: sisi tulikulaje? Maana mgagani ni mchungu, na mlenda unateleza kooni kama kitu chenye uhai. Sisi tulikula, tena tukagombania.

Kwa bibi yangu tulikuwa watoto saba wa chungu kimoja, wale wadogo ambao bado hatujatenganishwa, wavulana huku na wasichana huku. Minza ndiye mkubwa. Halafu mapacha, Kulwa na Doto. Halafu Shija, aliyewafuata mapacha tumboni. Halafu Masanja, halafu Ng'wasi, halafu mimi, Kabula, niliyezaliwa mvua inanyesha. Unaona? Nasahau nilipoweka miwani, lakini hawa sijamsahau hata mmoja.

Kila mtoto alikuwa na tuta lake nyuma ya zizi, penye mbolea. Tuta la Minza lilikuwa la kunde, la mapacha la maboga, langu la mlenda. Masanja alipewa mgagani. Ukishaota unapalilia mwenyewe, unafukuza kuku mwenyewe. Mboga ikiwa tayari, bibi anaichuma, anaipika, na chungu kikitua chini anapaza sauti, "Leo tunakula kwa Minza!" Au kwa Doto, au kwa Kabula. Hapo mwenye tuta anakuwa mwenye mji. Anasimama na kibuyu cha maji, anasema, "Karibuni kwangu!" Wote tunaitikia, "Tumekaribia!" Anatunawisha mmojammoja. Na sheria ya bibi ilikuwa hii: mwenye tuta haketi mpaka kila mkono umenawa, na hakuna anayegusa ugali mpaka mwenye tuta ameionja mboga yake mbele yetu, aonyeshe kwamba chakula chake ni chema.

Siku ya kwanza ya tuta la Masanja sitaisahau. Alitunawisha vizuri, akaketi, akaangalia ule mgagani, akafunga mdomo. Sisi na mikono yetu iliyonawa tumeielekeza juu, maji yanachuruzika viwikoni, na ugali wa mtama unafuka moshi.

"Masanja, onja," Minza akasema.

"Ni mchungu."

"Sasa wewe unatukaribisha uchungu?" Doto akamdakia. "Tuta lako lina nini, limelogwa?"

"Hajapalilia huyo," Kulwa akasema, "amelimiwa na panya."

Bibi wala hakugombeza. Alikuwa anamenya karanga pembeni, akasema bila kuinua kichwa, "Mume wangu Masanja, wageni wako watakufa na njaa, mimi nitasema nini kwa mama zao?" Sisi wote tukaangua kicheko, maana Masanja alikuwa na jina la babu, na bibi alimwita mume kweli. Masanja machozi yakamlengalenga. Akamega tonge, akachovya, akameza kwa kufumba macho. Na sisi tukavamia! Vidole vikagongana chunguni. Ng'wasi akasema na mdomo umejaa, "Kwa Masanja ni kutamu." Basi. Tangu siku hiyo Masanja alikuwa akila mgagani kuliko sisi wote, na akimkuta mtu anaubeza anataka kupigana.

Mboga zikizidi, mwisho wa masika, zilipanda juani. Palikuwa na jiwe moja kubwa nyuma ya nyumba, pana, jeusi, likikutana na jua la saa sita huwezi kulikanyaga. Kila mtoto alianika nsansa yake sehemu yake. Kulizuka ugomvi wa mipaka pale kama wa watu wazima na mashamba. Kiangazi ziwa likipiga upepo mkavu na hakuna jani bichi popote, bibi anatia mkono kwenye kitunga, anapika na karanga na maziwa, na bado anaita: "Leo tunakula kwa Shija!" Hata tuta likiwa limeshakuwa vumbi, unakaribisha watu.

Nikasema, ndiyo hiyo. Limi hajakosa mapishi, amekosa tuta.

Nikaenda Magu kutafuta mbegu. Mji wa bibi wanakaa watu wengine wa ukoo, mke wa mtoto wa Shija. Alinipokea vizuri, "Shikamoo mama," akaniwekea kigoda. Nikamwambia nataka mbegu za mgagani. Akacheka, "Mama, siku hizi tunanunua kabeji gulioni." Lakini akaenda kuuliza kwa jirani, akarudi na mbegu kidogo zimefungwa kwenye kona ya kitenge. Nikazunguka nyuma ya nyumba kulisalimia jiwe. Pale palikuwa na shimo, na ndani ya shimo maji ya mvua na kandambili moja. Walilipasua, wakaliponda kokoto, likachukuliwa na malori. Yule mkwe alikuwa nyuma yangu, akasema kwa upole, "Lilikuwa linaziba njia, mama." Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu."

Huku kwetu Igogo mawe tunayo, yametubeba na nyumba zetu, udongo ndio haupo. Nikalikata ubavu dumu la mafuta ya kula, nikaokota udongo kiganja kwa kiganja katikati ya mawe, nikamwita Limi. "Mke mwenzangu, hili ni tuta lako. Si langu, si la mama yako."

Ungemwona! Alizifukia zile mbegu mwenyewe, akamwagilia kwa kopo asubuhi na jioni. Zilipochomoza alikimbia kuniita kama nyumba inaungua. Na kila jioni, tukiwa tumechuchumaa pale mbele ya dumu, alitaka nimsimulie. Nikamsimulia yote, na hapo ndipo nilipokosea, ingawa sikujua. Nilimsimulia kwa majina. Nilimwambia, "Masanja anasema ni mchungu. Doto anamcheka. Minza ananyoosha mikono." Nilisema kama watu walioko hapo mlangoni, maana mimi kwangu wako hapo.

"Masanja ananizidi?" akaniuliza siku moja.

"Mnalingana," nikamwambia.

"Na Ng'wasi ana meno?"

"Ya mbele yameng'oka."

"Kama mimi!" Akafungua kinywa nione.

Mwenzangu, nilipaswa kunyamaza. Sikumwambia kwamba Minza alikufa na mimba ya kwanza. Kwamba Shija alikwenda ziwani na hakurudi, na Kulwa nilimwosha mimi mwenyewe. Ng'wasi sukari ilianza na kidole cha mguu, ikammaliza. Masanja tumemzika majuzi tu, na msibani tulikula wali na soda, wala hapakuwa na jani la kijani. Amebaki Doto, yuko Sengerema kwa mwanawe. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Mgagani ukafika kiwango cha kuchumwa, nami nikaanza kuhesabu siku, maana kliniki ilikuwa Jumatatu. Jumamosi nikachukua kisu. Limi akakumbatia dumu. "Usiukate, bibi!"

"Tutawapikia nini wageni?"

Akafikiri. Akaachia dumu taratibu. "Haya. Wachumie wageni wangu."

Nikauchemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikautia maziwa na karanga nilizozitwanga kwa mkono wangu, nikauacha ulale chunguni uchungu upungue, maana mboga hii huwa tamu siku ya pili. Mama yake alikuwa na zamu Jumapili ile. Nikasonga ugali. Nikakung'uta mkeka, nikautandika, kila pembe. Limi akaingia chumbani, akatoka amevaa gauni lake la kanisani.

Nikakaa, nikapaza sauti kama bibi yangu: "Leo tunakula kwa Limi!"

"Karibuni kwangu!" akajibu, kwa sauti iliyojaa nyumba.

Akachukua jagi kwa mikono miwili, limemzidi uzito, akaninawisha. Hakumwaga nje hata tone. Nikasema, Mungu wangu, atakula. Nikasogeza sahani, mvuke wa karanga ukapanda.

"Haya, mke mwenzangu, keti uonje."

Hakuketi. Alisimama na jagi lake anaangalia mlangoni.

"Bado, bibi. Hawajanawa."

"Akina nani?"

"Minza. Kulwa na Doto. Shija. Masanja. Ng'wasi." Aliwataja wote, kwa mpangilio, bila kuruka hata mmoja, kama nilivyomfundisha.

Nikaangalia chakula. Nikajua wakati ule kile ambacho nilipaswa kukijua tangu lile shimo la Magu, kwamba bibi hakuwa na mapishi yoyote ya kunifundisha. Ule mgagani ulikuwa mchungu siku zote. Tulikuwa tunakula vile vidole vilivyogongana chunguni, na makelele, na aibu ya kuwakalisha wenzako na njaa, na vitu hivyo havipandwi kwenye dumu. Nilikuwa na mbegu, nina karanga, nina sheria, nina majina. Watu ndio sina.

"Leo hawatakuja," nikasema. "Onja tu, chakula kinapoa."

"Mwenye tuta haketi mpaka kila mkono umenawa," akaniambia. Akanikumbusha mimi.

Akaenda mpaka kizingitini, maji sasa yanamrukia gauni la kanisani kifuani, jagi linamvuta chini. Nje palikuwa na jua, redio ya jirani, na watu wanapita na mambo yao. Akaita, "Karibuni kwangu!" Akasikiliza. Akaita tena, zaidi, "Karibuni kwangu!"

Sikuweza kuvumilia. Kutoka pale mkekani, na sauti hii yangu ya kizee, nikaitikia peke yangu, "Tumekaribia!"

Akageuka akaniangalia, si kwa ubaya, ila kama mtu anayemsahihisha mkubwa wake kwa heshima.

"Wewe umeshanawa, bibi."