Pikapu Mbili na Daftari Moja

Siku Sista Imakulata aliponipa daftari, nilipaswa kulirudisha mezani na kumwambia: Sista, tafuta mtu mwingine, mimi ni dereva wa mojawapo ya magari haya. Sikumwambia hivyo. Nililipokea kwa mikono miwili, na moyoni nikafurahi kwamba kati yetu madereva wawili mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, na kwa hiyo mimi ndiye mwenye kuandika.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, dizeli ikipatikana kwa kibali na tairi kwa kujuana. Zahanati yetu ya misheni huko Bukombe ilikuwa imepewa pikapu mbili za dizeli, moja iliyotengenezwa Uingereza na nyingine Japani, lakini moja tu ndiyo ingebaki kwetu kubeba wagonjwa. Ya pili ingepelekwa misheni nyingine ng'ambo ya ziwa. Sista, aliyekuwa msimamizi wa zahanati, aliamua zijaribiwe: zipakiwe mizigo sawa Shinyanga, ziende Geita, zirudi Bukombe, na kila kinachotokea njiani kiandikwe. Pikapu itakayobaki ingebaki na dereva wake, na dereva wa pili angekosa kazi.

Mimi nilipewa ya Kiingereza, ya kijani, pana kifuani. Niliiita Nzagamba, yaani dume la ng'ombe. Ya Kijapani, nyeupe na nyembamba, alipewa Masunga.

Masunga alikuwa mume wa Kabula, dada yangu wa pekee. Shemeji huyu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita, alisoma hadi darasa la nne, na alikuwa manju, yaani kiongozi wa kuimba katika ngoma. Alikuwa na sauti ambayo ikianza sokoni watu huacha kununua. Mimi sikuwahi kusimamisha mtu yeyote kwa sauti yangu. Kabula mwenyewe, tangu aolewe, kila nilipomtembelea alinipa habari za Masunga kabla hata hajaniuliza za nyumbani.

Shinyanga, saa kumi na mbili asubuhi. Kila gari lilibeba magunia kumi ya mchele na katoni sita za dawa. Ilikuwa Juni, kuna baridi, na injini ya dizeli haipendi baridi. Nzagamba niliipasha moto, nikaijaribu mara tatu ndipo ikashika, ikitoa moshi mweusi uliowafanya wapakizi wakohoe. Masunga alifungua kwanza koki ndogo chini ya chujio la dizeli, akamwaga maji yaliyojikusanya, akaifunga. Kisha akawasha. Ilishika mara moja.

"Shemeji," aliniita akicheka, "dume lako linaamka na hasira. Limelala njaa?"

Wapakizi wakacheka. Niliandika: *Zote mbili ziliwaka.*

Isaka, saa nne. Kabla ya kufika hapo palikuwa na mchanga mwingi. Nzagamba ilipita kwa nguvu ikinguruma. Ile nyeupe ilipita kwa utulivu, kama mtu anayepita kanisani misa ikiwa imeanza. Stesheni, wachukuzi walizizunguka gari zetu, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa ngoma baada ya mavuno, walijigawa papo hapo. Kila Msukuma anajua makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu. Hushindana uwanja mmoja, kila moja upande wake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Manju wa kila upande huwa na dawa yake ya kumpunguzia mwenzake watu, na hakuna anayemlaumu. Ndiyo ngoma yenyewe.

"Kijani ni Bagalu!" mmoja akapiga kelele. "Nyeupe ni Bagika!"

Masunga akapanda juu ya magunia akaanza wimbo, akautunga hapo hapo, kuhusu gari jeupe lisilopiga kelele kwa sababu lina kazi ya kufanya. Muda si muda upande wangu walibaki watu wawili, na mmoja wao alikuwa amesinzia. Nilikaa kwenye usukani nikijifanya naangalia geji ya mafuta. Tangu hapo safari haikuwa tena ya kuchagua gari la wagonjwa. Ilikuwa ngoma, na mimi nilikuwa nashindwa.

Kahama, alasiri. Nilianza kusikia mlio nyuma, chuma kikilia kila nilipokanyaga mafuta mlimani. Tulimpitia fundi mmoja, mzee Maganga, aliyekuwa na karakana ndogo nyuma ya soko. Aliingia chini ya Nzagamba, akakaa huko muda mrefu, akatoka akifuta mikono kwa pamba.

"Mwanangu, injini hii ni ya kiume," alisema. "Lakini ekseli yake ya nyuma ni nyembamba kwa matope ya huku. Kwenye barabara kavu utatembea nayo hadi uzeeke. Kwenye mbuga, mvua ikinyesha, itakatika. Wewe ndiye mwenye daftari?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi liandike hilo."

Masunga alikuwa upande wa pili wa ukuta, akimsaidia mama mmoja kuinua ndoo. Hakusikia. Nilifungua daftari, nikaandika: *Kahama. Fundi aliikagua ya kijani, akasifu injini.* Nikafunga.

Siku ya pili, barabara ya Ushirombo. Mvua isiyo ya msimu ilikuwa imenyesha, na kwenye mbuga moja, bonde la ardhi nyeusi inayonata, tope lilimshika Nzagamba hadi kwenye ubao wa kukanyagia. Niliongeza mafuta, mlio ukazidi, nikaogopa nikaacha. Masunga alikuwa ameshavuka. Alirudi kinyumenyume, akafunga kamba, akanivuta taratibu kwa gia ya kwanza bila kuzungusha tairi hata mara moja. Alipomaliza alikuwa na matope hadi nyusi.

"Usimwambie mtu, shemeji," alisema. "Wakisikia dume limevutwa na ndama, utaacha kuvaa suruali."

Alisema kwa upendo, sasa najua. Wakati ule nilisikia kejeli tu. Niliandika kwamba ya kijani *ilisaidiwa kidogo*.

Tulilala Bukombe, nyumbani kwa Masunga. Kabula alituwekea ugali na mlenda, akampa mumewe maji ya kuoga kabla yangu. Ni haki yake kufanya hivyo, mimi ni kaka tu. Hata hivyo nililihesabu hilo pia.

"Kaka, ipi inashinda?" aliniuliza.

"Bado."

"Roho yangu inataka nyeupe," alisema. "Si kwa sababu ya huyu. Ile ya kwako mlio wake unanitia hofu. Mgonjwa hawezi kupumzika humo."

Nilimwambia mwanamke hajui magari.

Geita, siku ya tatu mchana. Njia ya msitu ilikuwa na mashimo, lakini kavu, na hapo Nzagamba ilitembea vizuri; nitakuwa mwongo nikiinyima sifa hiyo. Kwenye milima ya kuingia Geita nilimpita Masunga, nikapiga honi ndefu kuliko ilivyohitajika. Nilifika wa kwanza. Lakini alipofika wa pili, wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wamekaa barazani wakamtambua, maana aliwahi kuja na ngoma yake, na mapokezi yote yakahamia kwake. Hakuna aliyeuliza nani ametangulia.

Tulipima dizeli iliyobaki kwa kijiti. Nyeupe ilikuwa imetumia pungufu ya Nzagamba kwa karibu theluthi. Hilo niliandika, kwa sababu Masunga alishika kijiti yeye mwenyewe.

Tulishusha mchele na dawa, tukapakia mbao za mninga za kwenda kutengeneza vitanda vya zahanati. Dizeli ya kurudia tulipewa na Mzee Lutonja, mfanyabiashara wa pale, kutoka pipa lililokuwa uani kwake. Masunga alikuwa ameshavutwa na wachimbaji kwenda kuimba. Nilibaki na mzee.

"Pipa hili lilikaa mvuani, kifuniko kimelegea," Mzee Lutonja aliniambia. "Maji yako chini. Ya juu ni safi. Chujeni kwa kitambaa kizito, tena mkunje mara nne."

Kutoka uwanjani niliusikia wimbo wa Masunga na watu wakiitikia. Nilichukua kitambaa, nikakikunja mara nne, nikachuja dizeli ya juu ya pipa kwenye tangi langu. Kisha nikatoa kitambaa. Iliyobaki chini niliimimina kwenye tangi la nyeupe kama ilivyokuwa, na niliona kabisa matone ya maji yakizunguka kwenye faneli kama shanga.

Nilijiambia kwamba katika ngoma kila manju ana dawa yake.

Asubuhi, Masunga aliinama kufungua ile koki yake ya chini, kama alivyofanya kila siku. Nikamwahi.

"Nimeshamwaga. Twende, jua linapanda."

"Na dizeli umechuja, shemeji?"

"Nimechuja."

Akainuka, akapangusa magoti, akapanda. Hakuangalia mara ya pili. Hilo ndilo linalonirudia hata sasa, kwamba hakuangalia mara ya pili.

Njia ya kurudi, siku ya nne. Kilomita chache nje ya Geita nyeupe ilikohoa, ikazima. Masunga alilegeza nati, akatoa hewa kwa kupampu kwa kidole gumba, ikawaka. Ikazima tena msituni. Koki hakuigusa, kwa kuwa nilimwambia nimeshamwaga. Mara ya tatu kidole kilikuwa kimechubuka na alikuwa akitumia cha mkono wa kushoto. Aliongea na gari kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mwenye homa. Hakuimba. Mara ya nne tulikuwa tumeshaingia Bukombe, watu wakituona, na mimi ndiye niliyefunga kamba nikamvuta hadi mlango wa zahanati. Honi yangu nilipiga njia nzima.

Niliandika kila kuzimika, mahali na saa. Yote yalikuwa kweli. Mwisho nilimsomea Masunga daftari zima kwa sauti, kama Sista alivyoagiza.

"Ndivyo ilivyokuwa?" Sista akamuuliza.

"Ndivyo, Sista," Masunga akasema. "Imezima mara nne. Mimi mwenyewe sielewi." Akaweka sahihi yake, herufi kubwa zilizolala upande. Kisha akanipa mkono, ule wenye kidole kilichochubuka. "Hongera, shemeji. Dume ni dume."

Wiki iliyofuata nyeupe ilivushwa ziwa. Mimi nikawa dereva wa zahanati, nikavaa kofia. Masunga akarudi kwenye jembe la ng'ombe, upande wa pili wa mbuga. Ajabu ni kwamba wivu haukuisha. Nilipopita na Nzagamba na kumsikia akiwaimbia maksai shambani, na Kabula akiitikia, nilihisi bado nimeshindwa.

Safari ya mwisho ninayotaka kuwasimulia ilikuwa fupi kuliko zote. Ilikuwa mwaka wa pili, mwezi wa tatu, mvua za kweli. Asubuhi Masunga alifika zahanati akikimbia. Kabula alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hageuki. Muuguzi akamkagua, akasema ni hospitali ya Kahama, haraka. Tukamlaza nyuma juu ya godoro, Masunga akamshika kichwa, mimi nikaendesha.

Saa tano tukaingia kwenye mbuga ile ile nilimovutwa kwa kamba. Mlio ukaanza. Nikaongeza mafuta kwa sababu nilikuwa na hofu, na ekseli ikakatika kwa sauti moja kavu. Injini iliendelea kunguruma vizuri kabisa, ya kiume, kama fundi alivyosema, na tairi hazikuzunguka.

Wakulima walituona wakaleta mkokoteni wa maksai. Tulimhamisha. Tulikwenda kwa mwendo wa ng'ombe, mvua ikinyesha, Kabula akiniita kaka, kisha akimwita Masunga, kisha akawa hamwiti mtu. Mchana ule ule alituacha, kabla hatujaiona Kahama.

Masunga alimfunika kwa koti lake. Alikaa ukingoni mwa mkokoteni, akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia:

"Shemeji, ile nyeupe ingevuka?"

"Ingevuka," nikasema.

"Lakini ilizima mara nne."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia maneno ya fundi wa Kahama, pipa la Mzee Lutonja, kitambaa nilichokitoa, na koki niliyomzuia kuifungua. Wenye maksai walisikia yote. Nilitaka anipige. Alishuka, akashika kamba ya maksai wa mbele, akamgeuza kuelekea nyumbani, akatembea.

Miaka mingi baadaye niliiona ile nyeupe kivukoni, imechakaa rangi, imebeba wagonjwa wawili na ndizi. Iliwaka mara moja.

Wajukuu huniuliza gari gani la dizeli ni zuri zaidi kwa barabara zetu, maana nimeendesha mengi. Huwaambia lile ambalo dereva wake anamwaga maji kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, na habari zake zinaandikwa na mtu asiyeligombea. Mimi nililigombea. Kazi niliipata, na niliifanya miaka kumi na mmoja. Ilinigharimu dada yangu Kabula, mtoto wake ambaye hakuwahi kupewa jina, na shemeji yangu Masunga, ambaye yu hai, anakaa upande wa pili wa mbuga, na tangu siku ile hajanisemesha neno wala hajaimba tena.