Kumbikumbi wa Upande wa Mwalimu

Nimelala katika miji mingi tangu niondoke Songea, na popote mvua ya kwanza inaponikuta natoka nje kutazama ardhi. Natafuta kumbikumbi. Umri umepita arobaini na bado moyo unanienda mbio.

Kwetu Mjimwema tulikuwa na kichuguu nyuma ya nyumba. Kila mwaka mvua zikianza, kilitupa kitoweo cha siku kadhaa. Halafu ikaja miaka ya ruksa: maduka yakajaa, mitumba ikafika, kila mtu akataka bati. Baba akauza kipande cha kiwanja kwa mwalimu mmoja mwenyeji wa Pwani, akaezeka nyumba yetu. Tulilifurahia bati lile mpaka tulipotambua kwamba kichuguu nacho kimekwenda na kiwanja.

Mwaka huo mvua ilinyesha usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi jua likatoka, na dada yangu akapiga kelele uani: "Wanatoka! Mama, wanatoka!"

Tulikimbia na ndoo. Walikuwa wakifurika kama uji uliochemka, mabawa yanametameta, na kuku wa mtaa mzima wamekwishafika. Mama akatuzuia kwenye ua wa minyaa.

"Si chetu tena."

"Mama, wenyewe hawapo!" Mwalimu alikuwa kwenye kikao shuleni, mkewe sokoni.

"Ndiyo maana nasema si chetu."

"Mbona kuku wanakula?"

"Kuku hawapokei komunyo kesho."

Dada alianza kulia. Mimi nilikuwa narukaruka kama mtu aliyebanwa na mkojo. Mama akatazama kichuguu, akatazama kuku, nikamwona anameza mate. Ghafla akakaza kanga kiunoni.

"Haya, zoeni! Lakini tunawazolea wenyewe. Atakayekula hata mmoja atanitambua!"

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha na njaa kama siku ile. Tulijaza ndoo mbili, tukaziweka mlangoni kwa Mwalimu, tukazifunika kwa nyungo.

Mkewe aliporudi akafunua ungo, akaangusha kikapu. "Yallah! Nani kaniletea wadudu mlangoni?"

"Mali yenu, jirani," mama akasema.

"Mali gani! Kwetu hawa ni chakula cha kuku. Chukueni wote, na ndoo zenu!"

Tulikwishazinyanyua.

"Wekeni chini," mama akasema. "Mwenyewe hajasema."

Mke wa Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada yangu, unangoja amri ya mume wangu kwa ajili ya wadudu?"

"Kiwanja alinunua yeye."

Nilimchukia mama yangu kwa saa mbili nzima. Tulikaa pale tukiwafukuza kuku, mpaka Mwalimu akatokea kwenye baiskeli. Tukamwamkia kwa pamoja, haraka haraka, "Shikamoo-Mwalimu!" Alitazama ndani ya ndoo, akamtazama mkewe, akatazama tena ndoo. Mkono ukazama. Akatoa kumbikumbi mmoja mzimamzima, akampuliza mabawa, akamtupia kinywani.

"Mume wangu!"

"Nilisoma bweni hapa hapa Songea, miaka minne," alisema akitafuna. "Tangu tuhamie nakitazama kile kichuguu, sijui nianzie wapi kukwambia."

Dada akanikanyaga mguu.

"Basi nusu kwa nusu, Mwalimu?" mama akauliza.

"Nusu kwa nusu. Ila nikaangieni nyinyi. Huyu hatanipa sufuria."

"Hata kijiko sikupi!"

Mama aliwakaanga kwa mafuta yaliyowatoka wenyewe na chumvi, basi. Mke wa Mwalimu alisimama mbali, kanga puani, akiuliza mbona wananukia nyama. Mwalimu alikula amefumba macho, taratibu, kama mtu aliyerudi mahali anapopakumbuka. Mimi nilikuwa nimejaza mdomo, furaha inanipasua, na katikati ya furaha ile nikaona aibu: kama mama angetuachia asubuhi, tungewala wote pamoja na hamu ya mtu yule, na yeye asingetuambia kamwe kwamba anawatamani.