Mirija ya Zambarau

Ti.

Mlio mdogo, kama kijiko kilichogusa kikombe kikajuta. Hata leo, uma ukigonga glasi jikoni kwake, Dada Sahani hugeuka. Wenzake husikia vyombo. Yeye husikia kifaa cha mdogo wake kikisema kimepata.

Jina la Dada Sahani alibandikwa na fundi wa jibini, pale kwenye kiwanda cha maziwa, likamganda. Sahani zenyewe si za kulia. Ni visahani vya plastiki vyenye mifuniko, vimemwagiwa ndani lishe iliyoganda kama uji uliopoa. Kazi yake ni kupangusa meza na visu kwa kijiti cha pamba, kukitumbukiza kijiti kwenye mrija wenye maji, kuyapaka maji hayo juu ya visahani, kisha kuvifungia katika kabati la joto na kusubiri. Kama kuna bakteria, ataota aonekane kama doa. Anayemwogopa kuliko wote ni listeria. Huyo baridi ya friji haimsumbui, hana harufu, haharibu ladha, na mjamzito akimla anaweza kumpoteza mtoto aliye tumboni. Kumsubiri aote huchukua siku mbili.

"Vijidudu ni kama wakwe," alizoea kusema. "Huwezi kuwaharakisha."

Alikuwa na mirija ya aina mbili. Yenye maji ya chumvi, meupe, ilikuwa ya kupimia maziwa. Yenye maji ya zambarau ilikuwa ya meza na visu, kwa sababu meza ikishaoshwa hubaki na dawa, na dawa hiyo ikipanda kwenye kijiti huendelea kuua hata ndani ya mrija. Maji ya zambarau huizima. Mambo hayo aliyajua kama anavyoijua njia ya kwenda chooni gizani.

Kisha akaja Kitinda.

Kitinda ni mdogo wake, wa mwisho kwa mama yao, aliyelelewa mgongoni kwa Dada Sahani. Alikuwa ametumwa na chuo chake kukijaribu kifaa kipya pale kiwandani, na kwa wiki hizo akafikia nyumbani kwa dada yake, ambaye alikuwa anaishi na mama yao. Jioni ya kwanza alikitoa mfukoni kipande cha kioo kisichozidi ukucha wa dole gumba.

"Humu ndani kuna vijia vyembamba kuliko unywele, mama. Unadondosha tone moja, linatambaa lenyewe. Kwenye kuta za vijia tumepandikiza vinasio. Listeria akipita, ananaswa, kifaa kinalia."

"Baada ya muda gani?" mama akauliza.

"Chai yako haitakuwa imepoa."

Mama alikilaza kioo kiganjani kama kifaranga. Kesho yake jirani alipokuja kuazima chungio, alionyeshwa. Muuza mkaa naye akaonyeshwa. Dada Sahani, aliyekuwa akipanga vikombe kabatini, alijiuliza ni lini mama aliwahi kumwonyesha mtu kisahani chake hata kimoja. Watu walipouliza kazi ya binti mkubwa, mama alijibu, "Huyo anafuga vijidudu," na wote wakacheka, naye akacheka.

Kazini mambo hayakuwa nafuu. Wasichana wa kufungasha jibini walimzunguka Kitinda kama nzi kwenye asali. Fundi wa jibini alijiegemeza mlangoni mwa maabara.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Apone nini? Mimi siumwi," Dada Sahani akasema.

"Aa, mbona unakunja uso kama maziwa yaliyokatika?"

Alikuwa anautazama mkono wa Kitinda ukishika kijiti cha pamba. Mkono ule aliufundisha yeye kushika kalamu. Sasa ulikwenda haraka, bila kutafuta, kama mkono wa mtu aliyekuwepo siku zote.

Meneja akaamua wapime meza ya kukatia jibini laini, wote wawili, asubuhi moja, baada ya meza kuoshwa. Jibini hilo lilikuwa la hospitali, la wodi ya wazazi, na lingekaa chumba cha baridi hadi majibu yatoke. Asubuhi hiyo Dada Sahani aliondoka nyumbani bila kumwamsha mdogo wake. Aliingia maabara na koti lake begani, akachomoa mirija kwenye kishikio kilichokuwa karibu na mlango, akaiwahi meza ingali na majimaji. Kitinda alipofika anahema, alimkuta anafunga mrija wa mwisho.

"Shikamoo dada. Mbona hukuniamsha?"

"Marahaba. Nilidhani kifaa chako ndicho kinachoamka mapema."

Kitinda naye akaipangusa meza, na kabla ya chai ya saa nne, kifaa kililia. Ti.

Kitinda hakutabasamu, alimtazama dada yake kama mtoto aliyevunja kitu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi Dada Sahani. Angeringa ingekuwa afadhali.

"Kifaa chako kinanasa hata maiti," akasema. "Dawa imeshawaua, wewe unatuhesabia makaburi. Sahani zangu huotesha walio hai tu."

Fundi aliguna kwa raha. Hoja ilikuwa ya kweli, na Kitinda aliikubali kwa kichwa.

"Inawezekana, dada. Tusubiri sahani."

Sahani zikasubiriwa. Siku ya pili Dada Sahani alizifungua mbele ya meneja, moja baada ya nyingine. Hakuna doa. Zilikuwa safi kama mbingu iliyofagiwa.

"Hizi ndizo tunazozijua," meneja akasema. "Pakieni."

Kitinda akaomba apime tena. Akaambiwa gari linasubiri. Akainama, akaanza kukirudisha kifaa chake kwenye sanduku lenye sponji. Dada Sahani alikwenda kuosha mikono, na moyo wake ulikuwa unaimba. Nikwambie kweli, msomaji: uliimba. Alishaanza kupanga namna atakavyomweleza mama, kwa upole, kwamba vya kung'aa si vyote vya kutegemea.

Alifungua friji kuchukua mirija ya kazi ya mchana. Pale rafu ya chini kilikuwa kishikio cha zambarau. Mirija yote ilikuwemo, imejaa, vifuniko havijaguswa.

Akakumbuka kishikio cha karibu na mlango. Maji yake yalikuwa meupe.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nje injini ya gari ilikuwa imeshawaka. Hakuna aliyejua. Mirija ile ilishaoshwa, sahani zilikuwa safi, na Kitinda angeondoka na sanduku lake, na kiwandani angebaki Dada Sahani mmoja tu, kama zamani. Jambo hilo alilitazama vizuri, akaona lilivyo tamu. Kisha akawaona wanawake wa wodi, wameketi vitandani, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika kipande cha mkate.

Akatoka mbio na mrija mmoja wa zambarau mkononi. Alisimama mbele ya gari mpaka dereva akazima injini.

"Kuna nini tena?" meneja akauliza.

"Shusheni. Nilichukua mirija ya maziwa. Dawa ya meza iliwaua humo ndani kabla sijawaotesha. Sahani hazijasema kitu. Kifaa ndicho kimesema."

Fundi wa jibini, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mzaha. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akaanza kushusha makasha. Kitinda alikuja akasimama karibu na dada yake, mabega yakikaribia kugusana. Alinyoosha mkono kuupokea ule mrija. Dada Sahani hakuuachia mara moja.

"Mama usimwambie," akanong'ona.