Kitabu Chetu Kinaendeleaje?

Asnath binti Hezekia Msengi, mjukuu wa Naftali Msengi aliyebeba kichwani mawe ya msingi wa shule yetu; mjukuu wa Elizabeti aliyejifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu, kisha akawafundisha akina mama wa kijiji kizima; mtoto wa Hezekia aliyelala siku tatu kando ya mto akilinda bati za shule, gari lilipokwama. Huyo ndiye mkutubi wa sekondari yetu, nje kidogo ya Nduguti. Uzao wa namna hiyo haukabidhi kitu cha shule kirahisi.

Mwaka huu, mavuno yalipokwisha, mkuu wa shule, Mwalimu Manase, alisimama mlangoni mwa maktaba na tepu ya kupimia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unapima jeneza la nani?"

"Usinichokoze, mama. Mahindi ya chakula cha wanafunzi hayana pa kulala. Rafu zako nusu ni tupu. Vitabu vinatoka, havirudi. Bodi inakaa Ijumaa. Waonyeshe kwamba kuna watu wanasoma, chumba kibaki chako. Ukishindwa, magunia yanaingia."

Awaonyeshe nini? Daftari la kuazimia mchwa walikuwa wamelila masika, wakasaza jalada. Vitabu mia mbili na arobaini vilikuwa nje, na Asnath hakujua kipi kiko kwa nani. Chumba kile ndicho alichokipigania miaka kumi na tisa, na usiku huo hakula.

Alichokuwa nacho ni simu. Alikuwa amesikia mjini Singida kwamba mtandaoni kuna vyombo vya bure vya kazi za maktaba. Mtandao wetu lakini unapatikana juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya jiko la shule, basi akajifunga kitenge vizuri, akapanda. Cha kwanza kilikuwa Kiingereza kitupu. Cha pili kilimkaribisha vizuri, mwishoni kikasema ni bure kwa siku saba. "Bure ya siku saba ni chambo," akasema, akakifuta. Cha tatu kilikuwa fomu tu: unaandika swali, unawatumia watu, majibu yanajipanga yenyewe kwenye jedwali. Hiki akakipenda.

Jumatatu akaandika: "Je, unacho kitabu cha maktaba nyumbani? Utakirudisha lini?" Akaituma fomu kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Mpaka Jumanne mchana yalikuja majibu manne. Yote yalisema hapana. Moja lilikuwa la Mama Loyce, na Asnath kwa macho yake mwenyewe alikuwa amekiona kitabu mezani kwa Mama Loyce, chini ya kitambaa cha kufuma! Akamfuata mashineni, alikokuwa akisubiri unga.

"Mama Loyce, mtu mzima, unaniandikia hapana?"

"Na wewe mwalimu mzima, unaniuliza kama polisi? Ukiniazima chungu, huwa unasimama mlangoni na kusema, 'Unacho chungu changu? Utakirudisha lini?'"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Maana kwetu chombo ulichoazimisha hakidaiwi. Unakwenda, unakaa, unasalimia, kisha unauliza: chungu chetu kinaendeleaje? Hapo mwenzako mwenyewe ataeleza kilipika nini, kimepata ufa wapi, na kitarudi siku gani. Kumwuliza mtu moja kwa moja kama anacho ni kumwita mwizi. Asnath alizaliwa na kulelewa humu humu, lakini kuiona fomu tu kukamsahaulisha adabu.

Akarudi juu ya jiwe. Akafuta yote, akaandika: "Hamjambo nyumbani? Kitabu chetu kinaendeleaje hapo kwenu?" Akaacha nafasi kubwa ya kujibia.

Hajamaliza kushuka, simu ikaanza kutetemeka. Jumatano asubuhi majibu thelathini na moja. Alhamisi jioni, mia na themanini na nane. "Kinaendelea vizuri. Mbuzi alitafuna jalada, nimelishona kwa uzi wa gunia." "Kilikwenda Rungwa na kaka yangu mrina asali, wenzake kule wanakigombania." "Mjukuu ananisomea kila jioni. Tumefika pale mwanamke anapomkimbia mumewe. Tafadhali msikichukue kabla hatujajua mwisho."

Ijumaa aliyasoma yote mbele ya bodi, moja baada ya jingine, hakuruka hata moja. Walicheka, kisha wakasogeza viti karibu wasikie vizuri. Mwenyekiti, Mzee Antipasi, akavua miwani.

"Hilo la mwanamke kukimbia ni la kwangu," akasema. "Mkuu, ulituambia maktaba imelala. Haikulala hii, imekwenda kutembea. Mahindi yatafutie pengine."

Mahindi yakapata nusu ya ofisi ya mkuu. Mwalimu Manase akaikunja tepu yake.

"Umenishinda, mama."

"Sijakushinda, mwanangu. Nimekupa kazi." Asnath akamwandikia kwenye karatasi namna ya kuifungua ile fomu. "Magoti haya yamepanda jiwe mara tisa wiki hii, yametosha. Kuanzia Jumatatu utapanda wewe. Uwajibu wote, mmoja mmoja. Na usithubutu kuuliza kitabu kabla hujawasalimia."